Nati Zilizoangalia Juu

Nimestaafu na sijui kukaa. Tangu nirudishe ovaroli nimehamisha kabati la vyombo kutoka ukuta huu hadi ule na kulirudisha, nimepogoa ua wa jirani bila kuombwa, na kila gari likigonga tuta hapa nje Nyamasaria nasikia bushi iliyokwisha, ule mpira wa springi, nasimama. Binti yangu amechoka nami. "Mama, andika basi, mikono ipate kazi." Kwa hivyo nawaandikia ninyi mliobaki gereji, mnaofunga springi, bampa na kanopi kila siku na kudhani kazi yenyewe ni kukaza. Habari za vyeo hamtazipata hapa. Cheo kilikuwa kimoja, fundi, na hakuna aliyenipa. Wateja walichoka tu kuuliza fundi yuko wapi.

Siku yangu ya kwanza waliuliza sana. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimevaa ovaroli mpya iliyonishinda mabegani, na mteja wa kwanza kuingia alinipa funguo akaniambia nimpelekee bosi, kisha nimletee chai. Funguo nilizipeleka. Chai hajaipata mpaka leo. Bosi alikuwa Mzee Njoroge, mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu kuuza vipuri, akaona watu wananunua vitu ambavyo magari yao hayavihitaji, akafungua gereji ya kuwafungia wanavyovihitaji. Hakunipa spana siku hiyo. Alinisimamisha langoni, akataka nimwambie kila gari linabeba nini kabla halijazima injini.

"Angalia makalio yake, Awuor," alisema. "Mwenye gari anaweza kukudanganya. Gari ikikaa, imekaa."

Nilisimama kwenye lango hilo wiki nzima, jua likinichoma utosini, nikimkasirikia. Halafu nikaanza kuona. Pikapu ya samaki ilikuja imeliwa na kutu kwenye pembe za bodi, kwa yale maji ya barafu yanayokosa pa kutokea. Ya Muhoroni ilikuja na tairi zilizochanwa ubavuni na visiki vya miwa. Ya mchungaji mmoja ilikuwa safi kabisa, ila nyuma ililala kama kuku anayeatamia, kwa sababu ya kwaya. Nilipompigia Mzee kelele toka langoni, "Hii ni ya kwaya!" na mchungaji akashuka akicheka, nikapewa spana yangu ya kwanza, namba kumi na saba. Ninayo bado. Iko juu ya hilo kabati.

Mteja wetu wa kawaida mnamjua. Anakuja na picha kwenye simu: gari limeinuliwa hadi mtu anahitaji ngazi, tairi za matope, winchi mbele, safu ya taa juu ya paa. Mzee Njoroge aliitazama picha kwa heshima zote, halafu akauliza swali lake lile lile. "Jumatano inabeba nini?" Jumamosi kila mtu anakwenda porini. Jumatano anapeleka watoto shule na kununua unga.

Ukimwinulia mtu gari bila kuuliza swali hilo, umemuuzia taabu. Mipira ya breki inavutika, taa zinawapiga wengine machoni, na mama mkwe hapandi tena. Zile taa za paa ukiziwasha karibu na maji umewaalika wadudu wa ziwa wote, na kesho yake unachokonoa rejeta kwa mswaki. Kuna bwana mmoja tulimfungia lile bomba la kupumulia linalopanda kando ya kioo, ili apite mtoni injini isinywe maji. Sijasikia kwamba gari hilo limewahi kuvuka Kondele, hapa hapa mjini. Mwingine alidai winchi, nasi tukamcheka kimoyomoyo, kisha winchi ile ikamtoa ng'ombe wa jirani yake kwenye shimo la choo akiwa mzima. Kijijini kwao sasa anaitwa Bwana Winchi, na mimi niliacha kucheka winchi za watu.

Sasa kuna sheria moja mliyoikuta na hamkuelezwa. Hatuchomelei kitu nyuma ya pikapu. Iwe sanduku la vifaa, iwe benchi, iwe rafu za mikate, tunafunga kwa bolti, nati zikiangalia juu ndani ya bodi na zimepakwa grisi, ili mtu mmoja mwenye spana moja aweze kuondoa kila kitu na kubaki na sakafu tupu toka kabini hadi mlango wa nyuma.

Mzee Njoroge alijifunza sheria hiyo kwa aibu. Akiwa bado mgeni mjini, alimchomelea fundi bomba mmoja sanduku kubwa la chuma nyuma ya kabini, kazi safi ya kujivunia. Ijumaa moja ukoo wa yule fundi bomba ukafika mochari kumchukua mjomba wao wampeleke nyumbani, na gari la ukoo lilikuwa hilo. Kwetu huku mwenye pikapu hakatai kubeba maiti ya ndugu yake. Hata wazo la kukataa halimjii. Jeneza likagota kwenye sanduku, likatokeza nje ya mlango, na mjomba akasafiri hivyo njia nzima, watu wakisimama kando ya barabara na kuona. Jumatatu wazee wa ukoo wakaja gereji. Hawakupiga kelele. Walisimama tu wakimtazama Mzee Njoroge mpaka akaweka chini alichoshika.

Tangu siku hiyo tunaacha nafasi, na hatumwambii mteja kwa nini. Mtu amekuja na gari lake amefurahi, utamwambiaje kwamba umelipimia jeneza? Kumpimia mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Tunafunga, tunapaka grisi, tunanyamaza. Na mvua za masika za mwisho kabla sijastaafu, kimya hicho kilinitoa jasho.

Alikuja mtu anaitwa Ochieng, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Luanda Kotieno, si mbali na pale feri ya Mbita inapoegesha. Pikapu yake ilikuwa ya kabini moja, imara, imezoea saruji na mabati. Aliongea upesi upesi huku akizunguka gari, na mimi nikizunguka nyuma yake. Mama yake, Mama Dorina, figo zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki ilibidi aletwe Kisumu kwenye mashine ya kusafisha damu. Toka nyumbani kwao hadi lami ni udongo mweusi: mvua ikinyesha ni uji, jua likiwaka ni makorongo. Akitoka kwenye mashine hawezi kukaa wima. Na sasa alikuwa ameanza kukataa safari. Alikuwa ameruka siku moja tu, akavimba miguu na kukosa pumzi, na daktari akamwambia Ochieng waziwazi kwamba wakiendelea kuruka watampoteza.

"Anasema barabara ndio inamuua," Ochieng aliniambia, kisha akaniita kwa jina nililobandikwa na wateja. "Sasa mimi sitaki kusikia barabara tena. Mama Springi, inua hii gari. Weka springi nzito, weka tairi ya matope, kanopi, na kitanda huko nyuma alale. Nataka akose sababu."

"Jumatano inabeba nini?"

"Jumatano simiti. Jumanne na Ijumaa, mama."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Springi inayofurahia saruji humrusha mtu mwepesi hadi paani. Nilimwambia achague: saruji iende na lori la kukodi, au mama aumie. Alibisha. Alitaka gari refu, la kutisha matope. Nikamuuliza, "Ukiinua hivyo, nani atambeba kumpandisha?" Akapangusa vumbi kwenye bampa ambalo halikuwa na vumbi.

Basi tukapunguza bapa za springi, vile vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, badala ya kuongeza. Tukaweka shokabzoba laini, tukainua kidogo tu ili tumbo lisikwaruze, tukachagua tairi zenye meno ya wastani na kumfundisha kupunguza upepo akiingia kwenye udongo na kuurudisha akifika lami. Nyuma tukatia kipago cha chini na mshikio. Ndani ya kanopi, kile kibanda cha kufunika bodi, benchi ndefu yenye godoro. Nililala juu yake mwenyewe, kikombe cha maji kifuani, nikamwambia dereva apite zile njia mbovu za huku nyuma. Safari ya kwanza nililowa shingo yote. Tukatoa bapa nyingine. Nilipofanikiwa kurudi na nusu kikombe, nikasema gari liko tayari, na kwa kweli nilijisikia vizuri. Nilimpenda huyo mama kabla sijamwona.

Benchi niliifunga kwa bolti. Nati juu, grisi.

Ochieng alipokuja kuchukua gari alipanda nyuma, akakandamiza godoro, akatabasamu. Halafu akainama kuangalia miguu ya benchi. Nilisahau kwamba huyu ni mtu anayeuza bolti. Mwingine angeona nati. Yeye aliona zimeelekea wapi, akagusa grisi kwa kidole, akakitazama kidole chake. Yeye pia ni wa huku. Alikuwa amebeba marehemu wangapi kwenye pikapu hiyo hiyo?

"Hii umefunga ya kutoa," alisema.

"Ndivyo tunavyofunga zote."

"Ya kutoa kwa nini?" Akashuka. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mimi nakuletea gari ya kupeleka mama hospitali, wewe unangoja akufe? Umempimia?"

Ukweli ulikuwa huo aliousema, na uongo wote niliokuwa nao usingempita muuza bolti. Nilisema, "Bwana Ochieng, tafadhali," nikimfuata hadi mlango wa gari. Akawasha gari akaondoka.

Baadaye nikasikia alikwenda moja kwa moja kwa mchomeleaji mwingine, benchi ikachomelewa sakafuni miguu yote. Sikulala vizuri siku hizo, na mchana sikukaa. Nilipanga upya stoo. Nilifokea watu, mnakumbuka. Kisha mama mmoja wa samaki kutoka Luanda Kotieno huko huko akaja kubadilisha tairi, nikamuuliza kwa mzaha kama gari la Ochieng linatembea.

"Inatembea wapi? Imesimama tu kwa boma. Mama yake amekataa kupanda. Jumanne hakuenda. Na ile miguu, dada, imekuwa hivi."

Alionyesha kwa mikono. Katika kichwa changu ilikuwa wazi: Ochieng amemwambia mama yake kuhusu nati, mama amesikia anapimiwa, amekata tamaa, na sasa anakaa nyumbani akivimba kwa sababu ya grisi yangu. Nilimpigia Mzee Njoroge, ambaye alikuwa amesharudi kwao Nyeri. Nilimweleza yote. "Enda," alisema, akakata simu. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi akiwa na simu.

Nilifika Luanda Kotieno Alhamisi mchana na begi langu la spana, bila kujua spana za nini. Mama Dorina alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, miguu juu ya mto, kanga imefunika. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho, lakini macho yenyewe yalikuwa makali. Pikapu ilisimama uani, imeoshwa. Nilisalimia, nikasema jina langu na gereji ninayotoka.

"Ni wewe uliweka zile bolti?"

"Ni mimi, Mama."

"Kaa." Akapumua kidogo kati ya maneno. "Zinatoka na spana ngapi?"

Nilidhani sikumsikia. "Spana moja tu, Mama. Na mtu mmoja."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei nzuri. Halafu akaita kwa sauti ambayo sikudhani anayo. "Ochieng!"

Ochieng alitoka nyuma ya nyumba. Aliponiona alisimama. Nadhani angenifukuza kama mama yake hangekuwa pale.

"Usimwangalie hivyo," Mama Dorina alisema. "Niangalie mimi. Unajua kwa nini sijapanda hiyo gari?"

"Kwa sababu ya vile huyu alifanya. Nilikuambia tu kwa hasira, Mama. Singekuambia. Lakini nimeshachomelea, hiyo maneno imeisha."

"Ndio kwa sababu umechomelea."

Kuku alipita kati yetu.

"Kule kwa mashine," aliendelea, "nimeona watu. Unalala karibu na mtu leo, mnaongea juu ya wajukuu, siku ingine kitanda yake ina mtu mwingine. Watoto wao wanaanza kukimbia wakitafuta gari ya kurudi nyumbani. Mimi nikifia huko, nitarudi na nini? Na gari ya mtu sijui, dereva anatafuna miraa akiongea na simu? Nataka gari ya mtoto wangu. Sasa hapo umenitengenezea kitanda ya mtu hai peke yake. Niko hai, nalala. Nikikufa, hakuna pahali yangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nani atasema? Wewe umekataa kusema. Huyu fundi pia alinyamaza. Mimi ndio naenda kwa mashine."

Ochieng alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na suruali yake ya dukani. Nilitaka kuondoka, na nilitaka kubaki, na mikono yangu haikujua ifanye nini mpaka nikaikuta imefungua begi.

"Ulisema ni barabara," Ochieng alimwambia mama yake.

"Barabara pia. Lakini barabara naweza."

Ochieng alinyanyuka akaenda dukani kwake. Alirudi na grainda ya kukatia chuma, waya mrefu, na pakiti ya bolti mpya. Aliingia kwenye kanopi akaanza kukata pale palipochomelewa, cheche zikiruka hadi uani, na majirani wakaja kuona nini kinaungua. Alipomaliza mguu wa mwisho nikapanda, nikasawazisha sakafu, nikatoboa, nikafunga benchi upya. Nilimwomba grisi akanipa. Nati ziliangalia juu.

Mama Dorina alikuwa ameomba kiti chake kisogezwe karibu na mlango wa nyuma wa gari. Nilipofuta mikono, alinyoosha kidole.

"Ochieng. Sasa toa."

"Mama, ndio anamaliza kufunga. Fundi yuko hapa, ameona iko sawa."

"Fundi hatakuwa hapo."

Nilimpa spana yangu. Aliishika kama hajawahi kuona spana, mtu aliyekulia kwenye chuma. Akapiga magoti ndani ya bodi. Nati ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilimteleza, ikaviringika hadi miguuni pa mama yake, na alipoinama kuitafuta nikaona mabega yake yanatikisika. Hakuna aliyemharakisha. Mama Dorina alisubiri tu, mikono juu ya mapaja, akipumua. Alipomaliza zote aliinyanyua benchi peke yake, akaitoa nje, akasimama kando.

Sakafu ilikuwa tupu toka kabini hadi mlangoni. Mama Dorina aliitazama yote, polepole, huku na huku, jinsi mtu anavyotazama chumba anachotaka kupanga. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

"Sawa," alisema. "Haya, rudisha. Kesho ni Ijumaa, tuna mashine."

Ochieng alirudisha benchi, akarudisha bolti, akakaza. Alikaza nati moja baada ya nyingine kwa nguvu zake zote, meno yameumana, akarudia ya kwanza, akarudia tena, mpaka nikamshika mkono na kumwambia inatosha.